Gavana Ana Mwisho, Seneta Hana: Nani Aliamua Hivyo Kentucky?

SWALI: Mwalimu, salaam. Mimi ni mama kutoka Kongo, nimepitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, sasa naishi Lexington, Kentucky, na nimeshaapa uraia. Nasikia gavana wetu, Andy Beshear, haruhusiwi kugombea 2027 hata kama watu bado wanamtaka. Lakini maseneta na wabunge wa hapahapa Kentucky wanakaa tu miaka na miaka. Kaka yangu yuko Columbus, Ohio, ananiambia kwao hata wabunge wana mwisho. Nchi ni moja, inakuwaje kila jimbo lina sheria yake? Gavana akitoka ndiyo basi, au anaweza kurudi? Na sisi tuliotoka kwa viongozi wasiotaka kuachia kiti, tusidai wote wawekewe ukomo?

JIBU: Mama, hongera kwa uraia. Maswali yako yanafuatana, na la mwisho ndilo zito kuliko yote. Nitapita haraka kwenye mepesi ili hilo lipate nafasi.

Andy Beshear alichaguliwa Novemba 2019 baada ya kumshinda Matt Bevin aliyekuwa kwenye kiti, akachaguliwa tena Novemba 2023 kwa kumshinda Daniel Cameron. Katiba ya Kentucky inampa gavana muhula wa miaka minne na inamruhusu mihula miwili mfululizo. Akishamaliza wa pili, anakaa nje miaka minne. Muhula wake unaisha Desemba 2027, kwa hiyo jina lake haliwezi kuwa kwenye karatasi ya kura ya ugavana mwaka huo, lakini likiwekwa 2031 hakuna sheria itakayokuwa imevunjwa. Kwa Kentucky, ukomo maana yake ni kupisha kwa muda. Hajafungiwa maisha.

Kuhusu kila jimbo na lake: Kongo, Tanzania Bara na Kenya tumezoea katiba moja inayopanga kila kitu. Katiba ya Kenya ya 2010, kwa mfano, ndiyo inayowawekea magavana wa kaunti zote 47 mihula miwili, bila kujali gavana yuko Mombasa au Turkana. Marekani haiko hivyo. Katiba ya nchi inagusa serikali za majimbo kwa mbali sana, na kila jimbo lina katiba yake kamili inayoamua gavana akae miaka mingapi, arudie mara ngapi, na bunge liwe na mabaraza mangapi. Ule ukomo wa rais, mihula miwili, uliingizwa 1951 kwa marekebisho ya 22, nao unamhusu rais peke yake.

Uone tofauti hizo zilivyo kubwa bila kwenda mbali. Kentucky inapakana na majimbo saba. Anzia kaskazini, kwa kaka yako. Ohio wanafanana na sisi kwa gavana: mihula miwili mfululizo, kisha apishe. Ndiyo maana James Rhodes aliweza kuwa gavana wa Ohio kuanzia 1963 hadi 1971, akakaa nje miaka minne, akarudi 1975 hadi 1983. Miaka 16, na hakuvunja kifungu hata kimoja. Indiana wanahesabu kwa namna yao: miaka isizidi minane ndani ya kila miaka 12. Illinois, gavana hana ukomo wowote. Missouri ni wakali zaidi, mihula miwili kwa maisha yako yote, na hata kipande cha muhula kinaweza kuhesabiwa. Mike Parson alirithi kiti Juni 2018 baada ya Eric Greitens kujiuzulu, akachaguliwa mara moja tu, 2020, lakini 2024 mlango ulikuwa umefungwa, kwa sababu kipande alichorithi kilizidi miaka miwili na sheria ikakihesabu kuwa muhula mzima. Tennessee na West Virginia ni mihula miwili mfululizo. Halafu kuna Virginia, jimbo pekee kati ya yote 50 ambako gavana haruhusiwi kabisa kujirithi. Terry McAuliffe aliondoka Januari 2018 akiwa na muhula mmoja, akarudi kugombea 2021, akashindwa na Glenn Youngkin. Naye Youngkin hakuruhusiwa kugombea 2025.

Kwa hiyo mtu akikuambia "gavana wa kwetu ana ukomo", bado hajakuambia kitu. Muulize ni ukomo wa mfululizo au wa maisha, na aliyerithi kiti katikati anahesabiwaje.

Virginia inahitaji maelezo kidogo, kwa kuwa Kentucky ni mtoto wake. 1776, Virginia ilipojitenga na Uingereza, waliokaa kuandika katiba walikuwa wametoka tu kutawaliwa na magavana walioletwa na mfalme. Hawakumwamini gavana yeyote. Wakampa mwaka mmoja mmoja, achaguliwe na bunge, asizidi miaka mitatu mfululizo, kisha akae nje miaka minne. Pennsylvania, mwaka huohuo, wakawabana hata wabunge: mtu asikae zaidi ya miaka minne katika kila saba. Kwa hiyo hoja ya kuwabana wabunge si ya juzi. Ina umri sawa na nchi yenyewe.

Kentucky ilikatwa kutoka Virginia ikawa jimbo 1792. Katiba yake ya pili, ya 1799, ilisema gavana akimaliza muhula wa miaka minne asirudi kwa miaka saba. Katiba ya 1850 ikashusha kifungo hicho hadi miaka minne, na ile ya 1891, inayotumika hadi leo, ikakiacha palepale. Baada ya James Garrard, aliyemaliza mihula yake miwili 1804, ikapita karibu karne mbili bila gavana yeyote wa Kentucky kuchaguliwa mara mbili mfululizo. Waliotaka kurudi walisubiri. Happy Chandler aliingia mara ya kwanza 1935 na mara ya pili 1955.

Hasara ya gavana wa muhula mmoja ni rahisi kuiona. Anaingia Desemba, na ndani ya wiki chache bunge linaanza kikao cha bajeti. Mwaka wa kwanza anajifunza kazi. Wa pili na wa tatu anafanya kazi. Wa nne kila mtu ameshahamisha macho kwa anayefuata, na mkuu wa idara asiyependa agizo anajua akilichelewesha miezi kadhaa litakufa lenyewe.

Ndipo 1992 wapiga kura wa Kentucky wakakubali marekebisho ya katiba yaliyompa gavana nafasi ya mihula miwili mfululizo. Hapa naomba utulie, kwa sababu hili ni jambo ambalo mtu wa Kongo atalielewa kuliko mtu aliyezaliwa Lexington. Gavana wa wakati huo aliitwa Brereton Jones. Yeye hakunufaika. Marekebisho yaliandikwa kwa namna ambayo waliokuwa madarakani siku hiyo walibaki chini ya sheria ya zamani, wakatoka baada ya muhula mmoja. Wa kwanza kufaidi alikuwa Paul Patton, aliyechaguliwa 1995 na tena 1999.

Linganisha na tuliyoyaona kwetu. Uganda waliondoa ukomo wa rais 2005, na rais aliyekuwepo akaendelea. Kongo, ibara ya 220 ya katiba ya 2006 inakataza kabisa kubadili idadi na urefu wa mihula ya rais, na bado Joseph Kabila, ambaye muda wake uliisha Desemba 2016, alikaa hadi baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, kwa sababu uchaguzi wenyewe uliahirishwa na kuahirishwa. Ibara haikuguswa. Kilichoguswa ni kalenda. Mimi sipingi katiba kubadilishwa; watu wa Kentucky walibadilisha yao na nadhani walifanya vizuri. Swali langu la kwanza siku zote ni hili: anayekalia kiti leo ananufaika na mabadiliko hayo? Kama jibu ni ndiyo, nashika tahadhari, iwe ni Afrika au Marekani.

Tangu 1992, magavana watano wa Kentucky wamepata nafasi ya kuomba muhula wa pili. Patton alipewa. Ernie Fletcher akanyimwa 2007. Steve Beshear, baba yake Andy, akapewa 2011. Bevin akanyimwa 2019. Andy Beshear akapewa 2023. Wawili kati ya watano walitolewa na wapiga kura wenyewe kabla ukomo haujawafikia. Ndiyo faida ya kumruhusu mtu arudi mbele yenu: anapata cha kupoteza. Mtu asiye na cha kupoteza ni wa kuangaliwa. Bevin, baada ya kushindwa, alitoa mamia ya misamaha na kupunguza vifungo katika majuma yake ya mwisho, na baadhi yake iliwaumiza sana ndugu wa waathirika. Yeye alitolewa na kura, lakini hali ya gavana anayeondoka ni ileile, aondolewe na kura au na katiba.

Maafisa wengine wanaochaguliwa jimbo zima, yaani mwanasheria mkuu, katibu wa jimbo, mkaguzi wa hesabu, mhazini na kamishna wa kilimo, nao wana miaka minne na mihula miwili mfululizo. Lakini ukomo unahesabiwa kwa kiti, mtu hahesabiwi. Allison Ball alikuwa mhazini mihula miwili, alipofika mwisho akagombea ukaguzi wa hesabu 2023 na akashinda. Hakuna ubaya wowote hapo. Nakutajia ili usishangae kuona majina yaleyale yakizunguka viti tofauti. Kenya wameona hivyo pia: Amason Kingi alimaliza mihula miwili ya ugavana Kilifi 2022, na mwaka huohuo akawa Spika wa Seneti.

Sasa tuje bungeni.

Bunge la Kentucky lina Baraza la Wawakilishi lenye watu 100, kila mmoja miaka miwili, na Seneti yenye watu 38, kila mmoja miaka minne, nusu yao wakichaguliwa kila baada ya miaka miwili. Hakuna ukomo. Chukua mtu mmoja tu. Robert Stivers yuko kwenye Seneti ya Kentucky tangu 1997, na tangu 2013 ndiye rais wa Seneti hiyo. Hesabu magavana waliopita akiwa pale: Patton, Fletcher, Beshear baba, Bevin, Beshear mtoto. Watano. Ukimtoa Patton, aliyeingia kabla yake, kila mmoja wao alipoingia alimkuta, na ukomo ukimtoa huyu wa sasa, sheria haimtaki Stivers atoke naye. Simlaumu, amechaguliwa kihalali kila mara. Nakuonyesha tu kinachotokea pale upande mmoja wa meza unapohesabiwa miaka na mwingine hauhesabiwi.

Na Kentucky upande huo usiohesabiwa una nguvu kweli. Gavana akikataa muswada kwa kura ya turufu, katika majimbo mengi bunge linahitaji theluthi mbili kumshinda. Kentucky wanahitaji nusu na zaidi kidogo tu: 51 kati ya 100, na 20 kati ya 38. Chama cha Republican kina zaidi ya robo tatu ya mabaraza yote mawili, na Beshear ni wa Democratic. 2021, katikati ya korona, bunge lilipitisha sheria kwamba amri za dharura za gavana zife baada ya siku 30 bunge lisipoziongeza. Gavana akakataa kusaini, wakavunja turufu yake, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya jimbo, na Agosti mwaka huo mahakama ikalipa bunge haki. Ukitaka kujua nani ana nguvu Frankfort, makao makuu ya jimbo, anza na wale wanaotarajia kuwepo miaka kumi ijayo.

Kwa nini Ohio wabunge wana ukomo na Kentucky hawana? Watu wengi hudhani ni kwa sababu watu wa Ohio wana msimamo mkali zaidi. Sababu ni ya kiutaratibu zaidi, nayo nadhani ndiyo jambo muhimu kuliko yote katika jibu hili. Ohio mwananchi anaweza kukusanya saini na kupeleka marekebisho ya katiba moja kwa moja kwenye sanduku la kura bila kuomba ruhusa ya bunge. Mwaka 1990 Oklahoma walianza, wakafuatwa na California na Colorado mwaka huohuo, na 1992 wimbi likakumba majimbo mengi, Ohio ikiwemo: miaka minane mfululizo katika kila baraza. Leo majimbo 16 yana ukomo wa wabunge. Kati ya hayo, Louisiana peke yake ndiyo iliyopata ukomo huo kwa mkono wa wabunge wenyewe. Kwingine kote zilikuwa saini za wananchi.

Kentucky haina njia hiyo ya saini. Marekebisho ya katiba lazima yaanzie bungeni, yapate tatu ya tano ya kila baraza, ndipo yaje kwenu. Gavana hana hata sahihi ya kuweka. Maana yake, ili seneta wa Kentucky awekewe ukomo, maseneta 23 kati ya 38 lazima wakubali kujiwekea. Huhitaji shahada kukisia kwa nini haijatokea. Na hata ilikopitishwa, haikukaa salama kila mahali: Idaho 2002 na Utah 2003, mabunge yalifuta ukomo wao, na katika majimbo mengine kama Oregon na Washington mahakama ndizo zilizoufuta.

Nirudi kwenye lile swali lako zito. Tudai wote wawekewe?

Kwa gavana, naunga mkono ukomo bila kusita. Mtu mmoja anateua wakuu wa idara, anaagiza polisi wa jimbo, anasamehe wafungwa, anatia saini mikataba. Akikaa miaka 20, kila mkuu wa idara, kila mjumbe wa bodi ni mtu wake. Iowa haina ukomo, na Terry Branstad alikuwa gavana 1983 hadi 1999, kisha 2011 hadi 2017, miaka zaidi ya 22, rekodi ya nchi nzima. Hakuwa dikteta, alichaguliwa na akaondoka kwa hiari. Bado nasema miaka minane inatosha kwa kiti cha mtu mmoja.

Kwa wabunge nasita, na sitasita kukuambia kwa nini. Nguvu ya mbunge mmoja kati ya 100 inatokana na anachokijua. Bajeti ya jimbo ni maelfu ya kurasa za namba. Mfumo wa pensheni za walimu, mikataba ya Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo), kodi ya makaa ya mawe, haya hayaeleweki kwa kikao kimoja. Michigan walijaribu ukomo mkali kuliko karibu wote, 1992: miaka sita katika baraza la chini na minane katika Seneti, maisha yote. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Wayne State, Detroit, walifuatilia bunge hilo kwa miaka mingi, na walichokiona ni kwamba wabunge wapya waliwategemea zaidi washawishi wanaolipwa na makampuni, na uwezo wao wa kuzikagua idara za serikali ukapungua. Fikiria hali yenyewe. Mwenyekiti wa kamati ana mwaka wa tatu bungeni. Mbele yake amekaa mshawishi aliyefanya kazi kwenye jengo lile miaka 25, na mkurugenzi wa idara mwenye miaka 20 kazini. Nani anamfundisha nani? Hawa wawili hakuna aliyewachagua, na hakuna katiba inayowahesabia miaka.

Michigan wenyewe waliona. 2022 walibadilisha: sasa ni miaka 12 kwa jumla, uitumie baraza moja au yote mawili. California walikuwa wameshafanya hivyohivyo 2012 baada ya kuishi na sheria kali ya 1990. Majimbo haya mawili hayakufuta ukomo, yaliurefusha, na wananchi ndio waliopiga kura.

Na je, ukomo unazuia rushwa? Hapa nina mifano miwili, yote kutoka kwa majirani zako. Illinois, isiyo na ukomo, Michael Madigan alikuwa spika wa baraza la chini kwa takriban miaka 36. 2025 alitiwa hatiani kwa rushwa na kuhukumiwa miaka saba na nusu jela. Mtu atasema, "Unaona? Hakuna ukomo." Sawa. Sasa vuka uende Ohio, yenye ukomo. Larry Householder alikuwa spika kuanzia 2001, ukomo ukamtoa 2004. Akasubiri, akagombea upya, akarudi bungeni 2017, akawa spika tena 2019. 2020 akakamatwa katika kashfa ya rushwa ya karibu dola milioni 60 iliyohusu ruzuku ya mitambo ya nyuklia, na 2023 akahukumiwa miaka 20. Ukomo haukumzuia. Kilichowapata wote wawili ni wapelelezi na waendesha mashtaka wa serikali kuu waliofanya kazi yao.

Kuna na gharama nyingine ambayo haisemwi sana: ukomo unaondoa pia wale ambao watu wao wanawahitaji. Nebraska, Ernie Chambers wa Omaha alikuwa seneta tangu 1971, kwa miaka mingi akiwa mweusi pekee katika bunge la watu 49. Alijua kanuni za bunge kuliko mtu yeyote mle ndani, na kwa kanuni hizo aliweza peke yake kuukwamisha muswada. Ukomo ulipopitishwa 2000, wengi waliamini umemlenga yeye. Ukamtoa 2009. Watu wa mtaa wake wakamrudisha kipindi kilichofuata, akaingia 2013, na 2021 ukamtoa tena. Jamii ndogo, kama ya wakimbizi na wahamiaji, ikipata mtu mmoja anayeijua njia, kumpoteza baada ya miaka minane kunauma kuliko kwa jamii yenye watu 50 wa kuchagua.

Kwa hiyo msimamo wangu, mama, ni huu. Gavana na maafisa wa jimbo: miaka minane, kama ilivyo. Wabunge: wakiwekewa, iwe miaka 12 au zaidi, kwa jumla ya mabaraza yote mawili. Lakini kama ningepewa kifungu kimoja tu cha kuandika Kentucky, nisingegusa ubunge. Ningeweka ukomo kwenye viti vya uongozi ndani ya bunge: spika, rais wa Seneti, wenyeviti wa kamati ya bajeti. Hapo ndipo nguvu ya mtu mmoja inapolundikana. Mbunge abaki na ujuzi wake, kiti kizunguke.

Urefu wa muhula nao una uzito wake, ingawa watu huusahau. Majimbo 48 yanampa gavana miaka minne. New Hampshire na Vermont wamebaki na miwili. Phil Scott wa Vermont ameshinda mara tano, 2016 hadi 2024, na kufika hapo ametumia miaka ambayo gavana wa kwingine angechaguliwa mara mbili na nusu. Hana ukomo, lakini kila baada ya miezi 24 yuko mbele ya watu. Nadhani hilo ni kali kuliko ukomo wa Virginia. Kwa mwakilishi wako wa Lexington ni vivyo hivyo: miaka miwili ni mifupi sana, ilimradi kuna mtu wa kumpinga.

Majaji wa Kentucky nao wanachaguliwa, na hawana ukomo. Majaji wa mahakama za wilaya ni miaka minne, wa mahakama za juu zaidi, hadi Mahakama ya Juu ya jimbo, ni minane. Hawa ndio wanaoamua kesi za nyumba, za watoto, za barabarani, na majina yao yako mwisho wa karatasi ya kura, ambako wengi huishiwa nguvu. Usiishiwe.

Na usichanganye seneta wa jimbo na seneta wa Washington. Mitch McConnell, aliyeingia Januari 1985, ni wa Seneti ya nchi, na hata watu wa Kentucky wangetaka kumwekea ukomo wasingeweza. 1995 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura tano dhidi ya nne, katika kesi iliyotoka Arkansas, ilisema jimbo haliwezi kuwawekea ukomo wajumbe wa Congress, yaani Bunge la nchi. Hiyo inahitaji Katiba ya nchi ibadilishwe. McConnell alitangaza mwenyewe kwamba hatagombea 2026.

Umesema umeshaapa, kwa hiyo nimalizie na kitu cha kufanya. Viti vingi vya Bunge la Kentucky havina ushindani Novemba. Anayeshinda mchujo wa chama mwezi Mei ndiye mwenye kiti. Mchujo wa Kentucky umefungwa, yaani unapiga kura ya chama ulichojiandikisha tu. Ukijiandikisha bila chama, kura ya mchujo wa vyama inakupita. Na mpiga kura aliyekwisha kujiandikisha akitaka kubadili chama, mwisho ni tarehe 31 Desemba ya mwaka uliotangulia. Kwa mchujo wa ugavana wa Mei 2027, hiyo ni 31 Desemba 2026. Angalia kwenye orodha ya wapiga kura jina lako limeandikwa chini ya chama gani, maana wengi wetu tulijaza fomu siku ya kiapo, kwa furaha, bila kusoma kisanduku hicho. Ukishaliona, mwambie na jirani yako aangalie la kwake.